Dhana potofu kuhusu vidole katika upigaji wa gitaa

Hapa Lubumbashi, kijana anayeanza kujifunza gitaa huambiwa mapema na wenzake kwamba hatapiga lolote la maana mpaka vidole vyote vya mkono wa kulia vifanye kazi. Si kweli, na inanisikitisha kwamba maneno hayo yanasemwa katika Katanga hii hii. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, alipiga nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na anayemsikiliza kwa mara ya kwanza hudhani kuna magitaa mawili.

Siri yake ni mgawanyo wa kazi. Kwa mkono wa kushoto shika akodi ya Do, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa): kidole cha pete kwenye uzi wa tano, cha kati kwenye uzi wa nne, cha shahada kwenye uzi wa pili. Gumba la kulia lishuke juu ya uzi wa tano, kisha wa nne, kisha lirudi wa tano, bila kuharakisha wala kusita, kama miguu ya mtu anayekwenda sokoni asubuhi. Kidole cha shahada cha mkono huo huo nacho kiinuke kutoka chini kikivuta nyuzi nyembamba, mara pamoja na gumba, mara katikati ya mapigo yake. Karibu wanafunzi wangu wote hujikwaa hapo, kwa sababu shahada ikibadili mwendo, gumba nalo huifuata. Kwa hiyo huwaacha wapige gumba peke yake siku kadhaa, mpaka mtu aweze kuitikia salamu za mpita njia na gumba lisikosee.

Wengine huamini kwamba sauti safi hutokana na kukandamiza uzi kwa nguvu. Uzi ukibonyezwa karibu kabisa na chuma kinachokatisha shingo ya gitaa, nyuma yake kidogo, nguvu ndogo inatosha. Ukibonyezwa mbali nacho, utakwaruza hata ukikaza mkono mzima.

Kuhusu vidole vifupi au vyenye kasoro, itoshe kumtaja Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, ambaye moto ulimharibu vidole viwili vya mkono wa kushoto mwaka 1928, naye akaendelea kupiga nyimbo za kasi kwa viwili vilivyobaki.

Limebaki suala la maumivu. Ncha za vidole huuma mwanzoni, kisha ngozi huwa ngumu baada ya majuma machache, na hilo ni jambo la kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono si ya kawaida, na anayemhimiza mwanafunzi ayavumilie anamdhuru. Apumzike kwanza, kisha alitazame gitaa lenyewe: mara nyingi nyuzi zimekaa juu mno ya shingo, na fundi anaweza kuzishusha.