Bibi habahatishi maji

Wengi mjini Mtwara huamini kwamba mtoto anayeshinda pwani na bibi yake akichokoa pweza hajifunzi kitu, na kwamba bibi mwenyewe anabahatisha tu. Si kweli.

Mwambie bibi wa Msimbati au Mikindani mwezi una siku ngapi, atakujibu kama kesho ni bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, au maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Siku hizo maji hupwa mbali kabisa, huku kwetu mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Bibi hana haja ya saa. (Mimi nina simu, na bado niliwahi kukuta maji yameshajaa.)

Halafu kuna macho. Mjukuu huonyeshwa tundu lenye maganda ya kaa na chaza yaliyorundikana mlangoni: hayo ni mabaki ya mlo wa pweza. Tundu tupu hulipita. Jiwe likigeuzwa hurudishwa lilivyokuwa, la sivyo vilivyojificha chini yake vitakaushwa na jua.