Kusikiliza ni kazi yenye kanuni: dhana potofu kuhusu ushauri nasaha Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka Ibanda hadi Bagira, ukitaja APS hakuna anayeuliza ni nani. Ni yule msaidizi wa kisaikolojia kwenye kituo cha afya au nyumba ya kusikiliza, anayepokea watu walioelemewa na vita, ubakaji, msiba au ugomvi wa nyumbani. Anajulikana kwa sura, lakini kazi yake haieleweki. Wapo wanaokaa naye kikao kimoja wasirudi tena, kwa kuwa walikuja wakitarajia kitu ambacho mshauri mwema hakitoi. Hilo linaniuma, maana mbinu zipo, zimepimwa, na mojawapo imepimwa hapa hapa Kivu.

"Mshauri atakuambia la kufanya"

Ndivyo tulivyolelewa. Mwenye shida huenda kwa mjomba, kwa shangazi au kwa mzee wa kanisa, naye hukata neno: rudi kwa mumeo, gawaneni shamba, samehe. Neno la mzee lina heshima yake. Mshauri, lakini, amefundishwa njia nyingine. Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alitoa kitabu kilichopinga desturi ya kumsaidia mtu kwa kumpa maelekezo na maonyo. Mwaka 1957 akaeleza hali anazoona ni lazima ziwepo ili mtu abadilike, na tatu kati yake zinafundishwa hadi leo: kumwelewa mtu kama anavyojiona mwenyewe, kumpokea bila masharti, na kuwa mkweli mbele yake.

Kuna sababu ya vitendo pia. Mwambie baba anayekunywa kasiksi kila jioni, "Acha pombe, watoto wanaumia," naye atakutolea sababu zote za kutoacha. Kadiri unavyomsukuma ndivyo anavyojitetea, na kila anapojitetea anazidi kujisadikisha. William Miller aliyaandika hayo mwaka 1983 kutokana na kazi yake na walevi, na mbinu iliyozaliwa hapo inamfanya mnywaji aseme sababu zake mwenyewe. Mshauri anamwuliza: "Baba, kati ya sifuri na kumi, kubadilika kuna uzito gani kwako?" Akijibu nne, haulizwi kwa nini si tisa. Anaulizwa kwa nini si moja. Ndipo anaanza kusema habari za mwanawe aliyefukuzwa shule kwa kukosa minervali, yaani ada, na maneno hayo, kwa kuwa yametoka kinywani mwake, yanamfuata hadi nyumbani.

"Sema yote, lia, ndipo utapona"

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa kwetu. Mama aliyebakwa anasimulia kwa mwuguzi, anarudia kwa mwanasheria, kisha kila shirika linalopita linataka kusikia tangu mwanzo, na wote wanaamini kwamba machozi yanasafisha.

Jambo hili lilishajaribiwa. Tangu miaka ya 1980, hasa kwa wazima moto na wahudumu wa dharura wa Marekani, ilienea mbinu ya kuwakutanisha watu muda mfupi baada ya tukio ili kila mmoja aeleze alichoona na alichohisi. Tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa, kikao kimoja cha namna hiyo hakikuonekana kuzuia maradhi ya mshtuko, na katika baadhi ya tafiti waliokipitia walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao hicho. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 una hatua tatu nyepesi kutamka: angalia, sikiliza, unganisha. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na familia za Goma zikakimbia, nyingine zikavuka ziwa hadi kwetu, aliyemtafutia mama blanketi na kumsaidia kumpata mtoto aliyepotea njiani alikuwa akifanya kazi ya kisaikolojia kwelikweli. Hakuhitaji kumwuliza aliona nini usiku ule. Mama akitaka kusema, anasikilizwa. Akinyamaza, anaachwa anyamaze.

Je, kusimulia hakusaidii kamwe? Kunasaidia, kwa mpango. Ipo tiba ya masimulizi inayoanza kwa kamba iliyotandazwa sakafuni. Mtu anaweka maua mahali pa siku njema za maisha yake na mawe mahali pa siku za uchungu, tangu kuzaliwa hadi leo. Kisha, kikao baada ya kikao, anapitia maisha yake kwa mfuatano, na kwenye jiwe zito mshauri anakaa naye pale mpaka hofu ishuke, hamruhusu aondoke ikiwa bado imepanda. Tiba hii imetumika na wakimbizi wa Maziwa Makuu na wapiganaji wa zamani. Kumvuta mtu aseme yote siku ya kwanza na kumwachia arudi Kadutu na kidonda wazi ni jambo lingine kabisa, na siliiti ushauri.

"Kubadilisha mawazo ni kujifariji tu"

Watu husikia kwamba mshauri anafundisha "kuwaza vizuri", wanakasirika, na wana haki ya kukasirika. Nyumba imechomwa, utawaza vizuri nini? Lakini Aaron Beck, daktari wa Philadelphia aliyeanzisha tiba ya utambuzi katika miaka ya 1960, hakufundisha hivyo. Alifundisha kuliweka wazo mezani na kuliuliza lina ushahidi gani.

Chukua mama aliyebakwa, anayesema, "Ni kosa langu, nisingeenda shambani siku ile." Mshauri hamkatizi kwa kusema, "Hapana mama, si kosa lako." Ameshaambiwa hivyo na majirani, na hakuamini. Anamwuliza:

"Mama, asubuhi ile, ulijua kwamba wapo njiani?"

"Sikujua, binti yangu. Ningejua ningeendaje?"

"Na kama usingeenda, watoto wangekula nini?"

Kimya. "Hawangekula."

"Nani alichagua kukufanyia ubaya ule?"

Anafika mwenyewe, taratibu, pengine kwa wiki kadhaa. Mbinu hiyo, iliyokuzwa na Patricia Resick wa Marekani kwa ajili ya wanawake waliobakwa, ilijaribiwa Kivu na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Vijiji 15 vilihusika, na wanawake 405. Katika vijiji saba walikaa kwa vikundi na kujifunza kutofautisha tukio, wazo na hisia. Katika vijiji vinane walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Kwa walio kwenye vikundi, hawakulazimishwa kusimulia ubakaji wenyewe. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi mzito walikuwa 9 katika kila 100 kwenye vikundi, na 42 katika kila 100 upande wa pili. Upande huo wa pili nao walikuwa wamepata nafuu kuliko walivyoanza. Kusikilizwa kulisaidia, kusikilizwa pamoja na mbinu kulisaidia zaidi sana.

"Ni mambo ya wazungu na waliosoma"

Wasaidizi walioongoza vikundi hivyo walikuwa watu wa hapa, wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi. Wanawake wengi hawakujua kusoma, basi mazoezi yakarahisishwa ili wayashike kichwani badala ya kuyaandika. Kusini mwa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, vikundi vilivyoongozwa na wenyeji vilishughulikia msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliobaki na sonona walikuwa karibu 7 katika 100, na karibu 55 kwa wale ambao hawakupata vikundi. Huko Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa na mtu kwenye benchi na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Nadharia zilizaliwa ng'ambo, sawa. Anayezifanyia kazi ni jirani yako.

"Ukimwuliza mtu kuhusu kujiua, unampa wazo"

Si kweli. Tafiti hazijaonyesha kwamba swali hilo hupanda wazo. Mara nyingi mtu hupumua kwa kuwa hatimaye yupo aliyethubutu. Uliza waziwazi: "Kaka, umefikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za shamba na vitu vingine vya hatari, mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

"Mwenye imani hahitaji mshauri"

Mshauri hamtoi mtu kanisani. Kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, hapa hapa Bukavu, ni kazi ya watawa wa kikatoliki, Ndugu wa Karitasi. Maombi na vikao vinakaa pamoja bila shida. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni chumba cha maombi kinachomwamuru mgonjwa wa kifafa aache vidonge. Kuvikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na mtu anakufa.

"Siri yako itafika sokoni"

Hofu hii naiheshimu, mji wetu ni wa watu wanaojuana. Siri ina mipaka michache, na mshauri anapaswa kuitaja kabla hujaanza kusema: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa. Anaweza pia kujadili kazi yake na msimamizi wake, bila kutaja jina. Asipoitaja mipaka hiyo, mwulize. Mwulize pia vikao vitakuwa vingapi na mtajuaje kwamba kuna nafuu. Kubalianeni hata mtakavyofanya mkikutana barabarani Nyawera: wengi husubiri uwasalimie wewe kwanza, na usipowasalimia wanapita kama hawakujui.