Mistari ya Wi-Fi imejaa, intaneti hakuna

Ile mistari kwenye kona ya skrini haipimi intaneti. Inaonyesha jambo moja tu: laptopu inaisikia rauta kwa nguvu gani. Rauta inaweza kuwa imeishiwa kifurushi tangu Ijumaa, na mistari ikabaki imejaa vilevile. Basi jamani, picha ya mistari si ushahidi.

Kwenye Windows, fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig. Anwani ya laptopu kwenye mtandao (IPv4) ikianza na 169.254, rauta haijakupa anwani. Windows imejipa yenyewe. Jaribu ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikigoma, zima rauta kwa sekunde 30. Anwani ikiwa sawa, piga ping (amri ya kubisha hodi uone kama kifaa kinajibu) kwenye Default Gateway, yaani anwani ya rauta iliyo kwenye majibu ya ipconfig, halafu ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyoko kwenye intaneti. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikanyamaza, mara nyingi tatizo liko ng'ambo ya rauta, upande wa intaneti, laptopu usiiguse. Zote zikijibu ila google.com haipatikani, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Zipo rauta zilizowekwa zisijibu ping, kwa hiyo ukimya peke yake hauhukumu.

Sasa lalamiko linalonichosha: "Mistari imejaa, ping inajibu, video inakwama." Rauta hutangaza jina lake karibu mara 10 kwa sekunde, kwa mwendo wa chini, ndiyo maana tangazo hupenya hata kuta nene. Data zako zinahitaji mwendo mkubwa kuliko huo. Tena laptopu nayo lazima ijibu, na redio yake kwa kawaida ni dhaifu kuliko ya rauta. Unasikia ukiitwa, ukiitika, husikiki.

Andika netsh wlan show interfaces. Usiishie kwenye Signal, soma Transmit rate (mwendo wa kutuma) na Channel (chaneli, njia ya redio inayotumika). Kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Jirani mjanja anayejiwekea 3 anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa mpigo. Hamia 5 GHz kama laptopu inaikubali, ila sogea karibu, haipendi kuta.

Kisha ping -t kwenye gateway, dakika moja. Ukiona muda wa majibu ukirukaruka, milisekunde 2, 3, 180, 4, 600, hewa imejaa mawimbi ya wengine. Au kadi ya Wi-Fi inasinzia kuokoa betri. Kwa namba hizo tu siwezi kuapa ni ipi. Chomeka chaja, fungua Power Options, weka Wireless Adapter Settings kwenye Maximum Performance, rudia ping. Ikitulia, jirani hana kosa.