Kibodi haiwi ya Bluetooth kwa kukatwa mkia

Wiki hii ni wa tatu. Kijana kaingia dukani kwangu Ngamiani, Tanga, na Microsoft Natural 4000, ile kibodi iliyopinda mgongo, mkia umekatwa kwa kisu cha jikoni. Kwenye mfuko wa nailoni kabeba HC-05, kile kibodi kidogo cha redio ya Bluetooth, aliyoing'oa kwenye kigari cha mradi wa sayansi wa mdogo wake. "Kaka fundi, waya nimeshautoa, wewe nichomee tu hiki."

Wateja wana misemo yao, ngoja niijibu mmoja mmoja. "Waya ni waya tu, toa uweke Bluetooth."

Hii ndiyo inayonimaliza. Ndani ya mkia ule mna nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya hasi, kijani na nyeupe za data. Watu wanadhani herufi A inapita mle kama maji kwenye mpira, ukifunga redio mwishoni itarushwa hewani. Sivyo. Kwenye USB kompyuta ndiyo inayouliza, kibodi kazi yake kujibu. Isipoulizwa inanyamaza hadi Kiama. HC-05 haijui kuuliza kwa USB, na hata upande wa pili inajitambulisha kama bandari ya siriali, si kibodi. Ukiziunganisha hizo mbili, kila moja imekaa ndani inangoja mwenzake apige hodi.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, unatia kati kibadilishi: upande mmoja kinauliza USB kama kompyuta, upande wa pili kinajitangaza kwa Bluetooth kama kibodi. Waya haukatwi, unakunjwa na kufichwa. Inafanya kazi, ila piga hesabu ya umeme kwanza. Kibodi ikila miliampea 40 kwa volti 5, hizo ni miliwati 200, kibadilishi chenyewe hujakihesabu. Betri ya lithiamu ya mAh 1000 ina kama wati-saa 3.7. Kwenye karatasi unapata saa 18, mezani huzioni.

Ya pili, ninayoipenda, ni kubadilisha ubongo. Kibodi nyingi za kujiundia, zile za vipande viwili, zimefungwa Pro Micro, bodi ndogo ya kuendesha kibodi yenye ATmega32U4, chipu isiyo na redio. Nice!nano, bodi yenye nRF52840, chipu yenye redio ya Bluetooth, ina umbo lile lile na miguu inakaa palepale. Unapakia ZMK, programu ya kibodi zisizo na waya, badala ya QMK ya zile za waya, unafunga betri, unasahau chaja kwa siku nyingi, maana chipu ile inajua kulala.

Kwa Natural 4000 hakuna mteremko huo. Vitufe vyake vinabonyeza karatasi za plastiki zilizochapwa njia za umeme. Pasi ya lehemu ikigusa pale, umeshaharibu. Inabidi uanzie pale utepe wake unapoingia kwenye bodi, utafute safu na nguzo, yaani njia za mlalo na za wima zinazokutana kwenye kila kitufe, moja moja, huku umebonyeza kitufe. Na mita iweke kwenye omu, usitegemee mlio wa mita: ukinzani wa njia zile unaweza kuwa mkubwa mita ikakaa kimya, ukadhani kitufe kimekufa. Kijana akauliza kama nitamaliza kabla ya adhuhuri. Tanga ni waja leo waondoka leo, nakubali, lakini si kwa vitufe zaidi ya mia.

"Betri ya simu ya zamani inatosha."

Inatosha kuunguza meza. Iliyovimba usiniletee hata kunionyesha. Nzima nayo iendane na chaja: betri ya mAh 110 huipi miliampea 500. Halafu pima chanya na hasi kwa mita kabla hujachomeka plagi ya betri, kila mara, hata kama rangi za nyaya zinakushawishi. Watengenezaji hawakubaliani upande. Wanangu hawajawahi kushika pasi, lakini sentensi hii wanaijua kwa moyo.

Pawabenki? Nyingi zinajizima zikiona mzigo mdogo.

"Taa za rangi zibaki."

Zing'oe. WS2812, zile taa ndogo za rangi chini ya vitufe, moja inakula karibu miliampea moja hata ikiwa imezimwa. Ukiwa nazo 40, betri ile ya mAh 1000 inaisha ndani ya siku moja na kidogo, giza tupu.

"Bila waya mkono hautaniuma."

Mama mmoja karani wa Chumbageni aliniletea kibodi kwa shida hiyo. Nikamwomba akae kama anavyokaa kazini: meza ndefu, kiti kifupi, mabega yamepanda hadi masikioni. Nikamwambia atafute mto wa kukalia, kibodi nikamrudishia na waya wake.

Yule wa HC-05 nimemfungia mkia mpya, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Imewaka. Alipofika mlangoni akageuka: "Na kipanya je, fundi?"