Tangawizi haifiki kwenye sauti

Juzi tena. Mwanafunzi wangu wa kuimba kapanda ngazi na chupa mkononi: tangawizi, asali na ndimu, mamake kaichemsha tangu alfajiri. Sauti imempwea kabisa. Usiku uliotangulia aliimba harusi Langoni, hapa Lamu, mpaka saa nane, na jioni ile ana nyingine. Akaniambia kwa ule mkwaruzo, "Nikiimaliza hii itafunguka, Mwalimu."

Haitafunguka. Unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Nyuzi zimo ndani ya zoloto, kile kifundo kigumu mbele ya shingo, juu ya bomba la hewa, na kinywaji kinapita nyuma yake kwenye umio, njia ya chakula. Weka kidole juu ya zoloto, kisha meza mate. Umelisikia linapanda? Hapo njia ya hewa inafungwa, na nyuzi zenyewe zinabanana ili lisipenye hata tone. Tone likipotea njia unapaliwa, unakohoa mpaka machozi yakutoke. Tangawizi ingekuwa inafika huko mnakodhani, hakuna ambaye angeimba baada ya kuinywa.

Sikatazi mtu kunywa. Asali hutuliza koo, na kitu cha moto huliwaza. Tatizo ni kwamba koo likilainika mtu hudhani sauti imepona, akashika maikrofoni na nyuzi zimevimba. Mwanamke akiimba la, ile noti ya kutyunia vyombo, nyuzi zake hukutana mara 440 kwa sekunde. Wimbo wa taarabu waweza kuchukua dakika 10, na harusi si wimbo mmoja. Nyuzi zilizovimba zikigongana hivyo wiki baada ya wiki huota vinundu, na vinundu haviondoki kwa ndimu.

Kinachofika kwenye nyuzi ni hewa unayovuta. Kwa hiyo mvuke wa bakuli la maji ya moto (yasiwe yanatokota, mtajiunguza) unafika. Moshi wa sigara nao unafika. Na chetezo cha udi, ambacho kwenye harusi zetu hupitishwa puani pa mwimbaji kwa heshima zote, kinafika moja kwa moja. Pokea kwa adabu, jifukize nguo, uso geuza pembeni. Maji ya kunywa hufanya kazi kwa kupitia damu, nayo huchukua saa kadhaa, basi anayeimba usiku aanze kunywa asubuhi.

Dawa yangu mimi ni mrija. Maji nusu glasi, mrija uzame vidole viwili, toa "uuu" kupitia humo mpaka maji yafanye povu, ukipanda na kushuka taratibu kwa dakika 5. Msukumo unaorudi kutoka kwenye maji huzisaidia nyuzi kutetema bila kupigana. Mwanafunzi anayekuja bila mrija namrudisha dukani akanunue.

Mengine nayataja kwa ufupi. Kunong'ona si kupumzisha sauti; wengi hukaza koo zaidi wakinong'ona. Nyamaza, au sema polepole kwa sauti yako ya kawaida. Ati kipaji hakifundishwi: Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikuwa na sauti tangu akitembeza vyungu, na bado alikaa chini akafundishwa kabla ya kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Na sauti iliyopwea zaidi ya wiki 3 si yangu wala ya mama jikoni, ni ya daktari wa masikio, pua na koo, aingize kamera aone.

Limebaki hili linalowafanya waimbe wagonjwa: ati ukikataa harusi moja hutaitwa tena. Mimi nimeona kinyume. Bibi harusi husahau nani alitoa udhuru, lakini aliyekwaruza mbele ya wageni husimuliwa mpaka Shela. Kila mwimbaji ninayemtayarisha kwa kazi hii namtaka awe na mwenzake wa kupokezana, anayejua nyimbo zilezile kwa ufunguo wa muziki unaofaa sauti yake.

Yule binti nilimwambia apige simu palepale, mbele yangu. Alisita kwa sababu ya malipo ya awali, ameshayatumia. Wakakubaliana na mwenzake wagawane, akaenda yule mwenzake. Chupa ya mamake tuliimimina kwenye vikombe viwili tukainywa kibarazani, bila kusemezana.