Kapasita yenye chanya na hasi: utaitambuaje?

Kapasita zote huhifadhi chaji, ila baadhi yake hazikubali kuungwa vyovyote. Hizo zina chanya na hasi, na kila mguu sharti ukae upande wake. Ukizigeuza zinaharibika, nyingine hupasuka. Kwa hiyo kabla ya kusoma alama yoyote, jua kwanza ni kapasita ya aina gani, kwa sababu alama ileile inaweza kuwa na maana mbili.

Fundi wa redio na subufa hukutana zaidi na ile ya mkebe wa alumini, mfano 1000 µF 25V. Ubavuni ina mstari mpana wenye alama za kutoa, na mguu ulio upande wa mstari huo ni hasi. Ikiwa mpya, mguu mrefu ni chanya. Iliyong'olewa kwenye bodi miguu yake imeshakatwa, basi fuata mstari. Ule msalaba ulio juu ya mkebe usikuchanganye, si alama ya kujumlisha. Pale bati limechanjwa makusudi ili gesi ikijaa ndani ipate pa kutokea.

Na gesi hujaa kweli. Ndani yake alumini imefunikwa na utando mwembamba sana wa oksaidi, na huo ndio unaozuia umeme kupita. Umeme ukiingia kinyume utando unaharibika, mkondo unapita, kimiminika kilichomo ndani kinapata moto na kutoa gesi, mkebe unavimba.

Inayowaponza wengi ni kapasita ya tantalamu, aina nyingine yenye chanya na hasi. Zile ndogo zinazobandikwa juu ya bodi, za njano au nyeusi zenye umbo la tofali, mstari wake huonyesha chanya. Ni kinyume kabisa cha mkebe wa alumini! Ukiifunga kwa mazoea ya alumini inaweza kushika moto.

Seramiki na za filamu hazina upande. Ya feni pia haina, ile yenye maandishi kama 2.5 µF 450VAC, maana umeme wa AC hugeuka mwelekeo kila mara. Ndiyo sababu hupaswi kuziba pengo lake kwa kapasita ya chanya na hasi, hata kama namba zinalingana. Ipo pia mikebe ya alumini isiyo na upande, hasa kwenye spika. Hiyo huandikwa BP (bipolar) au NP (non-polar), yaani haina upande.

Kwenye bodi tafuta alama ya +. Nusu duara iliyopakwa rangi mara nyingi ni hasi, lakini si kila kiwanda hufuata hivyo, kwa hiyo piga picha kabla ya kung'oa. Kama hukupiga, na kapasita hiyo ni ya kuchuja umeme wa chanya wa pawa saplai, zima kifaa, ondoa chaji iliyobaki, kisha pima kwa mita: tundu lililoungana na graundi (upande wa volti sifuri wa kifaa) ndilo la hasi.