Je, wajua kwa nini mtoto huendelea kupewa dawa ya kirusi ambacho kipimo hakikukiona?

Mtoto mzima wa afya anapata homa, kesho yake anaongea ovyo, halafu degedege la upande mmoja. Anatolewa maji ya uti wa mgongo, yanapimwa PCR, kipimo cha kuzidisha DNA, kutafuta kirusi cha herpesi kinachoshambulia ubongo. Jibu: hakuna. Dripu ya asaikloviri, dawa ya kirusi hicho, inaendelea vilevile, na mzazi anahisi daktari anabahatisha.

Habahatishi. PCR yenyewe ni hodari mno: kila mzunguko huzidisha DNA mara mbili, kwa hiyo mizunguko 30 inaweza kugeuza kipande kimoja kuwa nakala kama bilioni moja. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1995, kati ya wagonjwa 54 waliothibitishwa kuwa na herpesi ya ubongo kwa kukatwa kipande cha ubongo (ndivyo ilivyokuwa zamani!), ilimkosa mmoja tu.

Ila mashine huzidisha kilichomo kwenye kichupa, basi. Herpesi huzaliana ndani ya seli za ubongo, hasa eneo la panjani, na DNA yake humwagikia kwenye maji kadiri seli zinavyoharibika. Ni kama bungua kwenye boriti: ukifagia chini siku anapoanza kutoboa, hupati unga, ingawa yumo anatafuna. Unga huanguka baadaye, na ufagio haukuwa na kosa. Ndiyo maana dalili zikibaki za kutia shaka, maji hutolewa tena baada ya siku 3 hadi 7. Kusubiri bila dawa hakufai, kwa sababu wasiotibiwa hufa takriban 70 kati ya 100. Si kila jibu hasi hushukiwa, lakini: mtoto akichangamka upesi, au chanzo kingine kikapatikana, dawa husimamishwa.

Jibu chanya nalo lina mtego wake, hasa huku kwetu kwenye mbu, ambako vimelea vya malaria huweza kuwamo kwenye damu bila kuwa ndivyo vinavyomuumiza mtoto. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walichunguza miili ya watoto 31 waliofariki ikidhaniwa malaria imepanda kichwani. Matokeo yakatoka 2004. Watoto 7 walikuwa wameuawa na kitu kingine. Kilichotofautisha vizuri kuliko dalili yoyote, au kipimo chochote cha maabara, kilikuwa kumulika ndani ya jicho: malaria ya kweli huacha mabaka meupe na vidoa vya damu kwenye retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho.